Gavriil Ilizarov: Daktari Aliyeufundisha Mfupa Kukua

Ndugu wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, yapo maisha ya watu ambayo yafaa kusimuliwa kambini na katika vituo vya polisi kama yanavyosimuliwa vyuoni. Miongoni mwa hayo ni maisha ya Gavriil Abramovich Ilizarov, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika jimbo la Kurgan, Siberia ya magharibi, mbali na fahari ya miji mikuu, hadi alipofariki dunia mwaka 1992.

Majeruhi wengi wa vita na wa ajali za barabarani wanatembea kwa miguu yao wenyewe kwa sababu ya mtu huyu. Na si hao tu. Wapo watoto waliozaliwa na taya la juu dogo, au lililodumaa na kubaki nyuma wakati sehemu nyingine za uso zikiendelea kukua. Wengi wao leo wanapumua, wanatafuna na wanasema vizuri kwa msaada wa kifaa cha chuma kinacholivuta taya hilo mbele, takriban milimita moja kwa siku. Kifaa hicho cha usoni kiliundwa na madaktari wengine, lakini kanuni inayokiendesha ilithibitishwa na Ilizarov kwenye miguu ya wagonjwa wake. Leo tumekusudia kueleza jinsi kanuni hiyo ilivyopatikana, na jinsi ilivyopanda kutoka muundi wa askari hadi uso wa mtoto.

KUZALIWA NA KUSOMA

Ilizarov alizaliwa tarehe 15 Juni, 1921, mahali paitwapo Białowieża, nchini Poland. Alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto sita. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Qusar, kwao baba yake, chini ya milima ya Kaukasi, kaskazini mwa Azabajani. Nyumba ilikuwa ya kimaskini, na kwa sababu hiyo Gavriil alichelewa kuanza shule kuliko watoto wa rika lake. Alipoanza, alisoma kwa bidii ya mtu anayelipa deni la miaka iliyopotea, akavuka madarasa kwa haraka. Mwaka 1939 aliingia chuo cha udaktari cha Simferopol, katika rasi ya Krimea.

Hakusoma kwa utulivu. Mwezi wa Juni, 1941, majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi ya Wasovieti, na chuo chao hakikuweza kubaki Krimea. Walimu na wanafunzi walihamishwa kuelekea mashariki hadi Kyzyl-Orda, nchini Kazakistani, maelfu ya kilometa kutoka mahali walipoanzia. Huko ndiko Ilizarov alikohitimu mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha. Kijana huyo wa miaka 23 alipangiwa kazi katika kijiji cha Dolgovka, jimbo la Kurgan. Alikwenda kama aendavyo askari aliyepewa amri ya uhamisho, naye hakulihama jimbo hilo mpaka kufa kwake.

DAKTARI WA KIJIJINI

Daktari wa kijijini wa siku zile hakuwa na nafasi ya kuchagua maradhi. Mwenye homa alikuwa wake, mama mjamzito alikuwa wake, na aliyevunjika mfupa alikuwa wake pia. Hao wa mwisho ndio waliokuwa wengi. Vita vilikuwa vimerudisha vijijini maelfu ya wanaume wenye mikono na miguu iliyoharibiwa kwa risasi na kwa vipande vya mabomu. Wengine walikuwa na mifupa iliyokataa kuunga, hata mguu ukawa unapinda mahali pasipo na kiungo. Wengine mfupa uliunga, lakini mguu ukawa mfupi. Wengine mfupa wao ulioza ndani, ukatoa usaha mwaka hadi mwaka.

Tiba ya wakati ule ilikuwa na njia chache. Mguu ulifungwa plasta nzito kwa miezi mingi, au mgonjwa alilazwa kitandani huku mguu ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa. Mfupa ulipoendelea kukataa kuunga, madaktari waliupasua tena, na mara nyingi mwisho wa safari ulikuwa msumeno wa kukatia mguu. Mtu aliyetoka vitani na miguu miwili alipoteza mmoja hospitalini, miaka kadhaa baada ya amani kupatikana.

Ilizarov hakuridhika na hali hiyo. Aliona kwamba plasta ina makosa mawili. Kwanza, haivishiki sawasawa vipande vya mfupa, kwa kuwa kati ya plasta na mfupa kuna ngozi na nyama laini. Pili, inamfunga mgonjwa asitembee, hali mguu usiotumika hupungua nyama, na viungo vyake hukakamaa. Akajiuliza ni kwa njia gani mfupa ungeweza kushikwa wenyewe, kwa nguvu, kutoka nje ya mwili, bila kumnyima mgonjwa ruhusa ya kusimama.

CHOMBO CHA PETE NA WAYA

Mwaka 1950 Ilizarov alihamishiwa hospitali ya jimbo, katika mji wa Kurgan, akiwa daktari mpasuaji. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo wa 1950 ambapo alitengeneza chombo kilichokuja kubeba jina lake. Husimuliwa kwamba wazo la duara alilipata kwa kuangalia hatamu na vigwe vya farasi wa mkokoteni, na kwamba majaribio yake ya kwanza aliyafanya kwa spoki za baiskeli na mpini wa ufagio. Tunachokijua kwa hakika ni chombo chenyewe, kwani maelfu ya hospitali wanacho.

Chombo hicho ni pete za chuma zinazouzunguka mguu bila kuugusa, baadhi juu ya mahali palipovunjika na baadhi chini yake. Waya nyembamba, zisizofikia unene wa milimita 2, hupitishwa ndani ya mfupa kutoka upande mmoja hadi wa pili, zikapishana kama alama ya msalaba. Kisha kila waya hukazwa kwenye pete yake mpaka iwe ngumu, kama spoki inavyokazwa katika gurudumu la baiskeli. Pete huunganishwa kwa fito zenye hesi na nati. Nati zikikazwa upande mmoja, pete hukaribiana na vipande vya mfupa hubanwa. Zikikazwa upande wa pili, pete huachana. Siku chache baada ya kufungwa chombo hicho, mgonjwa aliweza kusimama na kuukanyagia mguu wake, jambo lililowashangaza waliozoea kumwona mtu wa namna hiyo akilala miezi sita. Ilizarov aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1952, akaipata mwaka 1954.

Nia ya kwanza ilikuwa kubana mfupa upate kuunga. Lakini husimuliwa kwamba mgonjwa mmoja, aliyeagizwa kuzungusha nati zake kila siku, alizizungusha kinyume, na badala ya kubana akawa anatenganisha. Daktari alipotazama picha ya eksirei alitarajia kuona pengo tupu. Badala yake aliona mfupa mpya umeanza kuota ndani ya pengo. Iwe ni kwa bahati hiyo au kwa majaribio mengine, Ilizarov alitambua jambo ambalo wengi kabla yake hawakulitambua: mfupa uliokatwa kwa uangalifu na kuvutwa polepole hujenga mfupa mwingine nyuma yake, na nyama, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na ngozi hurefuka pamoja nao.

KANUNI YA MILIMITA MOJA

Si kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kurefusha mguu. Mwaka 1905 daktari Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, alikwisha kuandika juu ya kurefusha miguu kwa kuuvuta mfupa uliokatwa. Yeye na waliomfuata walivuta kwa nguvu nyingi na kwa muda mfupi, na wagonjwa wao wengi walipata madhara makubwa: ngozi iliyokufa, mishipa ya fahamu iliyolemaa, mfupa usiounga. Tofauti ya Ilizarov haikuwa katika nguvu. Ilikuwa katika kiasi.

Kanuni yake tunaweza kuieleza hivi. Kwanza, mfupa hukatwa kwa namna isiyoharibu uboho wala ngozi nyembamba inayoufunika, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoulisha. Pili, daktari hungoja siku 5 hadi 7 bila kuvuta, ili mwili uanze kazi yake ya kuunga. Tatu, vipande hutenganishwa kwa milimita 1 kwa siku, wala si kwa mara moja, bali robo milimita kila baada ya saa sita. Nne, urefu unaotakiwa ukishapatikana, chombo huachwa mahali pake mpaka mfupa mchanga ukomae. Muda huo wa kungoja ni mrefu kuliko muda wa kuvuta. Kwa mguu wa mtu mzima huhesabiwa mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita iliyoongezwa.

Ilizarov aliipima kanuni hii kwa majaribio juu ya mbwa, na matokeo yake yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 1989. Mfupa ulipovutwa nusu milimita kwa siku, mara nyingi uliwahi kuunga kabla ya kufika urefu uliokusudiwa. Ulipovutwa milimita 2 kwa siku, mfupa mpya ulikuwa dhaifu na nyama zikaumia. Milimita 1 ndiyo iliyofaa, na kadiri ilivyogawanywa katika vipande vidogo zaidi ndivyo matokeo yalivyokuwa mazuri zaidi.

Tangu mwaka 1955 aliongoza tiba ya mifupa katika hospitali ya majeruhi wa vita mjini Kurgan. Hapo alikutana na wale ambao risasi na mabomu yalikwisha kuondoa kipande kizima cha mfupa. Kwa hao alitumia njia ya kusafirisha mfupa. Mfupa mzima ulio juu ya pengo hukatwa, na kipande kilichokatwa huvutwa polepole kuelekea chini, huku mfupa mpya ukiota nyuma yake, mpaka kipande hicho kifike ng'ambo ya pengo na kuunga. Mguu uliokuwa ukatwe hubaki na mwenyewe. Jambo hili halihitaji kufafanuliwa sana kwa askari anayejua bomu la kutegwa ardhini linavyofanya, wala kwa polisi aliyewahi kumwondoa barabarani kijana aliyeanguka na pikipiki.

MIAKA YA KUPUUZWA

Mtu angedhani kwamba uvumbuzi kama huo ungepokewa kwa shangwe. Haikuwa hivyo. Wakubwa wengi wa udaktari katika miji mikuu hawakuona sababu ya kufundishwa na daktari wa mkoani. Wapo waliomdhihaki kwamba ni fundi wa vyuma aliyepotea njia. Kwa miaka mingi kazi yake ilijulikana zaidi na wagonjwa kuliko wataalamu. Ilizarov hakuhama wala hakuacha. Aliendelea kutibu, kuandika na kuwafundisha vijana waliokuwa chini yake.

Aliyevunja ukimya huo alikuwa mwanariadha. Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu, aliyeshinda medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 2.28, aliumia vibaya mguu wa kulia katika ajali ya pikipiki mwezi wa Oktoba, 1965. Alipasuliwa mara nyingi bila kupona. Mwaka 1968 alikwenda Kurgan. Ilizarov aliuunga mfupa na kuurudishia mguu urefu wake, na baadaye Brumel aliruka tena zaidi ya mita 2. Taifa zima lilimjua Brumel, na sasa likamjua daktari wake. Mwaka huo huo wa 1968 Ilizarov alitunukiwa shahada ya juu ya udaktari wa sayansi, na mwaka 1971 ilianzishwa mjini Kurgan taasisi ya utafiti chini ya uongozi wake. Mtunzi mashuhuri wa muziki, Dmitri Shostakovich, naye alikuwa miongoni mwa waliotibiwa naye, mwaka 1970.

Nchi za Magharibi zilichelewa zaidi. Mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alikuwa amevunjika mguu katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji, na kwa karibu miaka 20 ulikuwa umepinda na kumtesa. Katika safari za baharini alifahamiana na daktari Msovieti, naye akamwelekeza Kurgan. Mauri alitibiwa huko mwaka 1980, akarudi kwao akitembea vizuri. Madaktari wa Italia walipomwona walitaka kujua zaidi, na mwaka 1981 Ilizarov alialikwa kuzungumza Bellagio, mbele ya wataalamu wa mifupa wa Ulaya. Toka hapo njia yake ilienea Italia, kisha Marekani na kwingineko. Nyumbani alikwisha kupewa Tuzo ya Lenin, na mwaka huo wa 1981 akapewa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa.

KUTOKA MGUUNI HADI USONI

Sasa tuje kwenye uso wa mtoto. Taya la juu ndilo linalobeba meno ya juu, kaakaa na sakafu ya pua, na sehemu ya mifupa inayoyashikilia macho. Likikosa kukua, uso hubonyea katikati. Meno ya juu hukaa nyuma ya meno ya chini, mtoto asiweze kukata chakula sawasawa. Njia ya hewa huwa nyembamba, akakoroma na kukatika pumzi usingizini. Katika hali mbaya zaidi macho hutokeza nje mpaka kope hazifungiki, na jicho lisilofunikwa hukauka na kuweza kupofuka.

Sababu ni za aina mbili kubwa. Wapo watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura pamoja na kaakaa lililopasuka. Hao hushonwa wangali wachanga, jambo la lazima, lakini kovu la kushonwa huweza kulizuia taya lisikue vizuri, na baadhi yao kasoro yenyewe huambatana na ukuaji mdogo. Wapo tena waliozaliwa na maradhi ambayo mishono ya mifupa ya fuvu na uso hufunga kabla ya wakati wake. Mawili yajulikanayo zaidi yana majina ya madaktari Wafaransa walioyaeleza: Apert mwaka 1906, na Crouzon mwaka 1912.

Kabla ya kanuni ya Ilizarov kufika usoni, madaktari walilisogeza taya kwa mara moja. Ramani ya kukatia ilitokana na kazi ya René Le Fort, daktari Mfaransa aliyewahi kulitumikia jeshi la nchi yake. Mwaka 1901 alieleza mistari mitatu ambayo mifupa ya uso hupasukia inapopigwa kwa nguvu. Mstari wa kwanza hupita juu ya mizizi ya meno ya juu. Wa pili huzunguka pua. Wa tatu huutenga uso wote na fuvu. Palipokuwa mahali pa kuvunjikia pakawa mahali pa kukatia. Harold Gillies, aliyezitibu nyuso za askari wa vita vya kwanza vya dunia huko Uingereza, aliwahi kuukata uso kwenye mstari wa tatu na kuusogeza mbele. Baada yake Mfaransa Paul Tessier aliikamilisha kazi hiyo, na katika miaka ya 1960 akaionyesha kwa madaktari wenzake.

Hata hivyo, kusogeza kwa mara moja kuna mpaka. Ngozi, misuli na makovu ya kaakaa hayakubali kunyooshwa ghafla. Huurudisha mfupa nyuma kama mpira uliovutwa. Tena pengo lililoachwa lilihitaji kujazwa kwa mfupa uliotolewa mahali pengine mwilini. Kwa mtoto ambaye taya lake liko nyuma zaidi ya sentimita moja, hayo yalikuwa matatizo makubwa.

Hapo ndipo somo la Kurgan lilipohitajika. Mwaka 1973 daktari Snyder nchini Marekani alikwisha kurefusha taya la chini la mbwa kwa kulivuta polepole. Kisha daktari Joseph McCarthy wa New York na wenzake walilirefusha taya la chini la watoto 4, wakatoa habari zao mwaka 1992. Baada ya taya la chini, zamu ikawa ya taya la juu. Madaktari wa Meksiko walilivuta kwa mpira uliofungwa kwenye barakoa, na mwaka 1997 Polley na Figueroa wa Chicago walieleza kifaa kigumu kinachofungwa kichwani, ambacho kilienea upesi.

JINSI KIFAA KINAVYOFANYA KAZI

Vifaa hivi ni vya namna mbili. Cha nje kina nusu duara ya chuma inayozunguka kichwa na kushikwa kwenye fuvu, juu ya masikio, kwa skrubu ndogo. Kutoka hapo hushuka fito moja mbele ya uso, na kutoka kwenye fito hiyo hupita waya hadi kwenye chuma kilichofungwa katika meno ya juu au kwenye mifupa ya uso. Cha ndani ni vibao vidogo vya chuma vilivyofungwa kwenye mfupa kila upande, chini ya ngozi, na kinachoonekana ni ncha tu ya ufito wa kuzungushia. Cha nje huonekana na humsumbua mtoto wakati wa kulala, lakini daktari anaweza kubadili mwelekeo wa mvuto katikati ya tiba, na kukiondoa si kazi kubwa. Cha ndani hufichika, na huweza kukaa miezi mingi, lakini mwelekeo wake ukishapangwa haubadiliki kwa urahisi, na kukitoa kwahitaji upasuaji wa pili.

Mtoto hupasuliwa akiwa amelala kwa dawa. Taya hukatwa kufuata mstari wa kwanza wa Le Fort ikiwa kasoro iko kwenye meno na kaakaa, au wa tatu ikiwa uso wote wa katikati umebaki nyuma. Siku chache za kungoja zikiisha, mzazi hufundishwa kuzungusha skrubu kwa ufunguo mdogo, kwa kawaida asubuhi na jioni, hata jumla iwe milimita 1 kwa siku. Baada ya wiki mbili taya limesogea zaidi ya sentimita moja. Kisha hufuata wiki nyingi za kuacha mfupa mpya ukomae. Hakuna mfupa ulioibwa ubavuni wala nyongani. Mtoto amejijengea mwenyewe.

Isidhaniwe kuwa tiba hii haina taabu. Mahali skrubu zinapoingia huweza kuota usaha, kwa hiyo husafishwa kila siku. Skrubu huweza kulegea. Vichipukizi vya meno ya utu uzima, ambavyo bado vimo ndani ya taya la mtoto, huweza kuumia kwa mkato. Mtoto mwenye kaakaa lililoshonwa huweza kuanza kusemea puani zaidi, akahitaji mwalimu wa matamshi. Tena taya lililovutwa mapema huweza kubaki nyuma kwa mara ya pili mtoto anapokua, kwa sababu tiba huongeza mfupa lakini haiondoi sababu ya kudumaa. Kwa hiyo mwenye shida ya pumzi au macho hupasuliwa mapema, na yule ambaye shida yake ni meno na sura mara nyingi hungojewa hadi kimo chake kikaribie ukomo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Gavriil Ilizarov alifariki dunia mjini Kurgan tarehe 24 Julai, 1992, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa huko huko. Dola ya Wasovieti iliyomlea, iliyompuuza na iliyomtukuza ilikuwa imekwisha kuvunjika miezi saba kabla yake. Ulikuwa mwaka ule ule ambapo habari za watoto 4 wa New York zilichapishwa. Vifaa vya taya la juu vilivyofuata hakuviona. Taasisi ya Kurgan sasa ina jina lake.

FUNZO KWETU

Ndugu askari, katika maisha haya tunaona mambo mawili ya kushika. La kwanza ni la nidhamu. Nyinyi mnajua kwamba amri ndogo inayotekelezwa kila siku bila kukosa hushinda juhudi kubwa ya siku moja. Kazi yote ya Ilizarov imesimama juu ya jambo hilo. Anayevuta mfupa kwa pupa huuharibu, na anayesahau kuzungusha nati siku mbili tatu hukuta mfupa umekwisha kujifunga. Mzazi anayezungusha ufunguo usoni mwa mwanawe ni mlinzi aliye zamu. Hana ruhusa ya kusinzia.

La pili ni la utu. Katika kambi na mitaa yetu wapo watoto wanaofichwa ndani kwa sababu ya sura zao, na wapo wanaosema kuwa ni laana au uchawi. Si laana wala si uchawi. Ni mfupa uliokosa kukua. Mtoto mwenye mdomo wa sungura apelekwe hospitali katika siku zake za kwanza, ili anyonyeshwe ipasavyo na kushonwa kwa wakati. Na anayekatika pumzi usingizini, au ambaye macho yake hayafungiki alalapo, asingojewe hata kidogo, kwani hilo ni jambo la hatari. Si kila hospitali inaweza kazi ya kulivuta taya, lakini daktari wa karibu ndiye anayejua njia ya kumfikisha mtoto kwa wale wanaoiweza.

Ilizarov alianza kazi yake katika kijiji, kwa vyuma vya kawaida, akiwahudumia watu waliokwisha kukatiwa tamaa. Hakungoja kuhamishiwa mji mkuu ndipo afikiri. Kila mmoja wetu, popote alipopangiwa, na auangalie wajibu wake kwa jicho hilo.